Sanamu ya rezini kabla ya kupakwa rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyenunua sanamu yake ya kwanza ya rezini, ya kuunganisha mwenyewe, akafungua boksi, akakuta mifuko ya vipande vya rangi ya maziwa, karatasi moja ya maelekezo kwa Kijapani, na gundi hakuna. Suala la rangi nimeliacha kwa makusudi. Wengi huniuliza rangi ipi ni nzuri, lakini sanamu nyingi ninazoonyeshwa ziliharibika kabla rangi haijafunguliwa: mshono (mstari unaobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana) umepita katikati ya paji la uso, mkono umekaa upande, praima, yaani koti la msingi la kushikia rangi, inabanduka kwa ukucha. Makosa hayo rangi huyaanika zaidi, hasa ikiwa inang'aa.

Rezini ni nini, na ina tofauti gani na plastiki ya modeli za kawaida?

Modeli za ndege na magari tulizozizoea ni za polistirini, plastiki inayosukumwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu hiyo ni ghali sana lakini hutoa maelfu ya nakala zinazofanana. Rezini ya sanamu kwa kawaida ni poliyurethani. Vimiminika viwili huchanganywa, humiminwa ndani ya kalibu laini ya silikoni, na baada ya muda mfupi mchanganyiko huwa mgumu. Kalibu ya namna hiyo mtu anaweza kuitengeneza nyumbani kwake, na ndiyo maana huko Japani, kazi hii iliposhika kasi miaka ya 1980, seti hizi zilipewa jina la seti za gereji. Mpaka leo wachongaji wengi wa Japani huuza kazi zao wenyewe kwenye tamasha la Wonder Festival, linalofanyika mara mbili kwa mwaka mkoani Chiba, jirani na Tokyo. Wenye hakimiliki huwapa ruhusa ya kuuza sanamu ya mhusika fulani kwa siku hiyo moja tu.

Silikoni ina faida yake: inanasa hata mkunjo mdogo wa kope. Lakini huchoka. Baada ya makumi machache ya nakala huanza kuchanika na kukakamaa, na kila jeraha la kalibu hujichora kwenye kipande chako. Isitoshe, kila nakala imemiminwa na mkono wa mtu, kwa hiyo utakuta viputo vya hewa, mishono, utando uliovuja pembeni, na visiki pale rezini ilipoingilia. Hizo si dalili za seti mbovu. Ni hali ya kawaida, na kuziondoa ni sehemu ya kazi uliyoinunua.

Boksi limeandikwa kipimo cha 1/8. Ni kubwa kiasi gani?

Gawanya kimo cha mtu kwa namba ya chini. Mtu wa sentimita 170 katika 1/6 atakuwa na sentimita 28 hivi, katika 1/8 sentimita 21, na katika 1/35 hafiki sentimita 5.

Nimefungua boksi. Nianzie wapi?

Hesabu. Panga vipande vyote juu ya kitambaa cheupe, ulinganishe na karatasi ya maelekezo, kisha upige picha. Kikikosekana kimoja, au kama uso una kiputo kwenye pua, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo kabla hujakata chochote. Wauzaji waungwana hutuma kipande kingine, ila ni vigumu kukubali dai la kipande kilichokwisha kupigwa msasa.

Baada ya hapo shikanisha vipande kwa mkono bila gundi, ukivishika kwa mipira ya kufungia pesa au vijidonge vya udongo wa kuchezea watoto. Utaona mkono upi ni wa kushoto, nywele zinaingia wapi, na kisiki kipi ni kisiki kweli. Hilo la mwisho limewaliza watu wengi. Kuna ulimi wa kuingia kwenye tundu, kama ule wa fundi seremala, na kuna kisiki cha kutupa, na kwa macho ya mgeni vinafanana. Ukikata ulimi, umejiongezea kazi ya siku nzima. Usikate kitu mpaka ujue kinaingia wapi.

Je, ni lazima kuviosha?

Ndiyo. Kwenye kalibu hupuliziwa mafuta ili kipande kitoke bila kung'ang'ania, na mafuta hayo hubaki juu ya rezini hata kama vidole havihisi kitu. Praima ikipuliziwa juu yake hukauka vizuri, inapendeza, halafu siku unapobandua utepe wa kufunikia inaondoka nao kama ganda la yai lililochemshwa.

Maji ya vuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani ulio laini. Sugua kila mkunjo, hasa nywele na mapindo ya nguo. Fanyia kazi hiyo ndani ya beseni lenye chujio, kamwe si moja kwa moja kwenye sinki, maana kidole cha sanamu kikiingia kwenye bomba kimekwenda. Suuza, kisha acha vikauke vyenyewe. Utaosha tena mara ya pili mwishoni kabisa, kuondoa vumbi la msasa na mafuta ya vidole vyako.

Vumbi lake lina madhara?

Lina madhara, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Rezini iliyokwisha kukauka haina shida ukiishika mkononi. Ukiipiga msasa ikiwa kavu hutoa vumbi jepesi sana linaloelea hewani muda mrefu na kuingia ndani ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ya N95 au FFP2, iliyobana vizuri kwenye pua na kidevu.

La muhimu zaidi ni kupiga msasa kwa maji. Chovya msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi rangi wa magari, na vumbi litageuka kuwa tope ndani ya bakuli. Ukimaliza, pangusa meza kwa kitambaa kibichi. Usifagie, usipulize kwa mdomo. Tope liache lituame, ulikusanye kwa karatasi ulitupe na taka. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo, usifanyie kazi hii kwenye meza ya kulia chakula.

Vifaa ni ghali? Huku kwetu hakuna duka la modeli.

Karibu vyote vinapatikana duka la vifaa vya ujenzi, la vipodozi na la baiskeli. Msasa wa maji namba 240, 400, 600 na 800. Tupa ndogo za sonara ukizipata. Tupa laini za kucha, zile zenye sponji katikati, hufuata umbo la shavu na bega kuliko msasa mtupu. Kisu cha wembe unaobadilishwa. Msumeno wenye meno madogo. Ukiukosa, kipande cha wembe wa msumeno wa chuma kilichozungushiwa kitambaa mahali pa mpini kinafaa. Drili ndogo ya kuzungusha kwa vidole, na biti za milimita 1, 2 na 3. Waya wa pini za kuungia vipande: klipu za karatasi kwa sanamu ndogo, na kwa kubwa, spoki za baiskeli, ambazo nyingi zina unene wa milimita 2 na ni ngumu kupinda.

Kitu kimoja ambacho ningekushauri usubiri na kuagiza ni pati (udongo wa kuzibia na kufinyanga) nzuri ya epoksi ya sehemu mbili, kwa mfano Milliput, inayotengenezwa Wales. Pati ya magari inaziba tobo, lakini huwezi kuifinyanga ikawa pindo la nguo.

Visiki na mishono naviondoaje bila kula umbo lenyewe?

Kisiki kikubwa kikate kwa msumeno ukiacha milimita moja au mbili, halafu umalizie kwa tupa na msasa. Koleo la kukatia waya usilitumie karibu na kipande, kwa sababu rezini haipindi, inapasuka, na ufa hukimbilia ndani. Utando mwembamba hutoka kwa kisu tu.

Mshono uparuze kwanza: shika kisu kikiwa wima na ukivute kwa ubavu wa makali, kama unavyoparuza magamba ya samaki. Kisha msasa namba 400, halafu 600. Huna haja ya kupita 800, maana praima inahitaji mikwaruzo midogo ya kushikia. Mshono wa nywele ni kazi ya subira. Kunja msasa uwe na ncha, au chora upya mistari ya nywele kwa ncha ya kisu ili mshono upotee ndani yake.

Wakati mwingine utakuta si mshono bali ngazi: nusu mbili za kalibu ziliteleza, upande mmoja wa paja uko juu ya mwingine kwa nusu milimita. Anayeanza hupiga msasa upande ulio juu mpaka ulingane, na mguu unakuwa mwembamba kuliko mwenzake. Nyanyua upande wa chini kwa pati, kisha uulainishe kuelekea juu.

Macho, midomo, vidole na vito usiviguse kwa msasa mpana. Mchongaji alitumia wiki kadhaa kwa uso huo.

Viputo vya hewa je?

Chukua tochi, imulike kwa ubavu, zima taa ya chumba. Utaviona. Tobo lililo wazi ni rahisi. Hatari ni kiputo kilichojificha chini ya ngozi nyembamba, kinachoonekana kama doa lenye kung'aa kidogo. Kichome kwa ncha ya kisu, ukipanue kwa biti ya milimita 1 mpaka ukuta wake uwe mgumu, ndipo uzibe. Usipofanya hivyo kitabomoka chenyewe siku ya kupiga msasa wa mwisho.

Tobo dogo huzibwa kwa tone la supa gluu na chembe za bikaboneti ya soda, hugeuka jiwe papo hapo. Lakini lipige msasa ndani ya saa ya kwanza. Likilala usiku kucha huwa gumu kuliko rezini inayolizunguka, na ukilisugua kesho yake utachimba bonde kandokando huku kilima kikibaki katikati. Tobo kubwa lizibe kwa pati ya epoksi.

Mkuki umepinda na kiuno hakikai sawa na miguu. Nirudishe seti?

Usirudishe. Rezini hulainika kwa joto. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo mpaka nyuzi 70 au 80, uzamishe kipande kwa koleo. Kipande chembamba huchukua sekunde chache, kinene dakika moja au mbili. Kikilainika kinyooshe taratibu, ukishikilie hivyohivyo na kukitia kwenye maji baridi mpaka kikaze. Mkuki au upanga ulaze juu ya kigae bapa na uubonyeze kwa kigae kingine. Kikikataa mara ya kwanza, rudia. Usikilazimishe kikiwa baridi. Moto wa mshumaa usijaribu kabisa.

Rezini ina kumbukumbu. Kipande ulichokinyoosha kikipata joto tena kinaweza kurudi kilivyokuwa. Niliwahi kuacha sanamu ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam, kwa muda wa saa tatu tu, na mkuki niliounyoosha kwa uangalifu wote ulikuwa umeinama kama muwa uliokosa maji. Tangu hapo silaha ndefu na nyembamba naingizia waya kati, au nazibadilisha kabisa kwa fimbo ya shaba, na naomba nawe ufanye hivyo ikiwa unaishi sehemu za joto.

Gundi gani inafaa?

Gundi ya modeli za plastiki haifanyi kazi hapa. Ile huyeyusha polistirini na kuziunganisha kingo, na rezini haiyeyuki kwa gundi hiyo. Zinazofaa ni mbili: supa gluu na epoksi ya mirija miwili kama Araldite.

Supa gluu hushika haraka, lakini haivumilii kupigwa. Unganisho linabeba uzito vizuri, halafu likigongwa mara moja linaachia. Itumie kwa vipande vidogo na kwa kuziba. Epoksi inakupa dakika kadhaa za kurekebisha mkao na ni imara kwa viungo vizito, yaani kiuno, mapaja, na nyayo kwenye jukwaa. Mimi huchanganya zote mbili kwenye kiungo kimoja: epoksi kwenye pini (kipande cha waya kinachoingia ndani ya vipande vyote viwili), tone moja la supa gluu ukingoni kushika wakati epoksi inakauka.

Kwenye pwani kuna jambo la ziada. Supa gluu hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa Mombasa au Tanga haidumu. Ifunge ndani ya kopo lenye vifuko vya kufyonza unyevu, uiweke kwenye friji, na siku ya kuitumia iache ipate joto la chumba kabla hujafungua kifuniko, la sivyo umande utaingia ndani. Mvuke wake pia huacha ukungu mweupe juu ya kipande. Fungua dirisha na usitumie nyingi.

Vidole vimegandana!

Usivute. Maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha vipekeche taratibu kimoja juu ya kingine. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha husaidia, isipokuwa karibu na macho na mdomo. Na supa gluu ikimwagika usiipanguse kwa pamba wala nguo ya pamba: hukutana nayo ikawaka joto la kuunguza ngozi.

Kwa nini kila mtu anasisitiza pini?

Kwa sababu gundi peke yake inashika ngozi ya rezini, pini inashika mifupa. Sanamu ya 1/6 ya rezini iliyojaa ina uzito wa kutosha kuvunja kifundo cha mguu kwa kutikiswa meza tu. Kanuni yangu ni hii: chochote kinachobeba uzito, na chochote kinachojitokeza nje ambapo mkono wa mgeni utakigusa, kiwekewe pini. Kiganja kitosheke na milimita 1, bega na paja milimita 2, unyayo mpaka jukwaani milimita 3 kama kifundo ni kinene vya kutosha.

Kazi yenyewe si ya nguvu. Toboa upande wa kwanza katikati, kina cha milimita 5 hadi 10. Anza kwa kuchoma alama kwa sindano ili biti isiteleze, zungusha polepole, na kila baada ya muda uitoe kusafisha unga. Sasa kuna swali la kupata sehemu ileile upande wa pili. Kata kipande cha waya chenye ncha kali, kiingize kwenye tundu kikichomoza kama milimita moja, kisha bonyeza vipande viwili pamoja vikiwa kwenye mkao wake kamili. Ncha itaacha kidonda kidogo. Hapo ndipo pa kutoboa. Wengine hutia tone la rangi ukingoni mwa tundu na kubonyeza, nayo ni njia nzuri.

Ukikosea kidogo, na utakosea, usitoboe tundu la tatu. Panua tundu moja liwe kubwa kuliko waya, jaza epoksi, weka kipande kwenye mkao sahihi na ukifunge kwa mipira mpaka kesho. Pini haihitaji kubana pande zote mbili. Upande mmoja ukibana na mwingine ukiogelea ndani ya epoksi, mkao unauamua wewe.

Kiungo cha mviringo, kama shingo au kifundo cha mkono, kitazunguka kwenye pini moja. Weka mbili kama nafasi ipo. Na kwenye nyayo acha waya mrefu uchomoze sentimita kadhaa: ndio utakaoshikia sanamu wakati wote wa kupaka rangi.

Viungo vina nafasi kati yao. Nijaze vipi?

Kama kiungo hakitafunguliwa tena, gundisha, kanda pati sehemu sawa kwa sawa mpaka rangi iwe moja, ikandamize ndani ya nafasi, na ulainishe kwa kidole kilicholowa maji. Vaa glavu za nitrili, maana epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio. Iache usiku mzima.

Kama kiungo kitabaki kikifunguka, kwa mfano shingo inayoingia kwenye ukosi, paka vaselini nyembamba upande mmoja, weka pati upande wa pili, bonyeza pamoja, pangusa iliyochuruzika, subiri ikauke, kisha tenganisha. Utapata kiungo kinachokaa kama kifuniko na chungu chake. Osha vaselini yote kabla ya praima. Hii ndiyo mbinu iliyobadilisha kazi zangu kuliko nyingine yoyote.

Nigundishe kila kitu, au nipake rangi vipande vikiwa mbalimbali?

Jiulize kama brashi itafika. Vipande vya rangi moja vyenye mshono unaoonekana, kama nusu mbili za kifua au mkono wa shati na bega lake, vigundishe sasa. Kichwa, joho, silaha na mikono inayoziba kifua viache. Na zile sehemu zitakazokutana na gundi baadaye zifunike kwa utepe kabla ya praima, ili gundi ishike rezini yenyewe, maana ikishika rangi itabanduka pamoja nayo.

Yangu imechapishwa kwa printa ya 3D. Ni sawa?

Si sawa kabisa. Hiyo ni rezini inayokaushwa kwa mwanga, na ikiwa inanata vidoleni haijakauka na inaweza kuleta mzio wa ngozi. Vaa glavu, ioshe kwa pombe ya isopropili, iache ikauke, kisha uianike kwa mwanga wa UV. Jua letu linafanya kazi hiyo vizuri, ila usiisahau nje siku nzima: huifanya iwe ya manjano na kuvunjika ovyo. Kama sanamu ina uwazi ndani, hakikisha kuna tundu la kumwagia na kwamba hakuna rezini mbichi iliyobaki, kwani hiyo huweza kuipasua hata baada ya miezi. Vinundu vya nguzo zilizoishikilia wakati wa kuchapishwa viondoe kwa msasa wa maji. Pini, pati na gundi ni zilezile, lakini maji ya moto yajaribu kwanza kwenye nguzo za kutupa, kwani aina nyingine hukatika badala ya kulainika.

Nimeona seti ileile kwa theluthi ya bei. Ninunue?

Yaelekea ni nakala ya nakala: mtu alinunua seti moja halali, akaitengenezea kalibu yake, akauza. Mchongaji hapati kitu. Nawe unapata vipande vilivyosinyaa kidogo, kingo butu na viputo vya vizazi viwili. Mimi sinunui, na simsaidii mtu kuzirekebisha.

Nitajuaje kwamba iko tayari kwa rangi?

Praima ya kijivu ndiyo itakayokuambia. Osha vipande mara ya mwisho, vikauke kabisa, kisha pulizia koti moja jembamba. Epuka siku ya mvua, kwa sababu unyevu mwingi huifanya praima ipauke na kuwa na ukungu. Kijivu huua ule weupe unaodanganya macho, na mishono uliyoapa kwamba umeimaliza itajitokeza. Zungusha kila kipande chini ya taa, weka alama kwa penseli penye kosa, rekebisha, pulizia hapo tu, tazama tena.

Ya mwisho niliyoimaliza ilirudi kwenye bakuli la msasa mara nne. Mara ya nne lilikuwa tobo moja tu, nyuma ya sikio, na nililiziba.